Kiyoyozi cha inverta kwenye fremu ya kupanga Tanga: mashine nzuri, dari mbovu

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Kiyoyozi cha inverta cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ni ununuzi mzuri kwa fremu, yaani chumba cha duka, ya mita nne kwa sita hapa Tanga, mradi kioo cha mbele, dari na mlango vimeshughulikiwa kabla fundi hajatoboa ukuta. Visiposhughulikiwa, mashine hiyo haikuokolei chochote cha maana kwenye LUKU, na siku bodi yake ya elektroniki ikiungua utatamani ungechukua ile ya kawaida. Tathmini hii ni ya aina ya mashine, si ya chapa fulani. Tofauti kati ya chapa na chapa ni ndogo kuliko tofauti kati ya fremu yenye kivuli na fremu inayotazama jua la saa kumi.

Kompresa ya kiyoyozi cha kawaida inajua mawili tu, kwenda kasi yote au kusimama. Ya inverta hupunguza mwendo, kama dereva anayeachia mafuta akikaribia tuta badala ya kuzima gari kila tuta. Ikishafikisha nyuzi 25 ulizoiwekea, huendelea taratibu ikila wati 300 au 400 badala ya 1,150. Akiba yote ya inverta imo kwenye huko kwenda taratibu. Kama chumba hakifiki nyuzi 25 kutwa nzima, mashine haipati nafasi ya kupunguza, na hapo umenunua mashine ya kawaida kwa bei ya inverta.

Dukani usisome maandishi makubwa ya boksini. Soma kibandiko cha ubavuni mwa mashine ya nje. Inverta halisi huandika uwezo wa kupoza kwa namba tatu, mfano wati 3,500 na kwenye mabano 900 hadi 3,800, na umeme unaoingia vivyo hivyo, mfano 1,085 na kwenye mabano 220 hadi 1,400. Ile namba ya chini ndiyo unayoilipia. Kibandiko kikiwa na namba moja tu, muulize muuzaji inverta iko wapi. Hapohapo angalia gesi ya kupozea. R32 ndiyo ya kuchukua, R410A inavumilika, na R22 iache hata kama bei inashawishi: Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda tabaka la ozoni, unaziondoa gesi za kundi hilo, na kwa nchi zinazoendelea mwaka wa kikomo ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mashine hiyo itabaki ikisaka gesi.

Hesabu ya pesa. Uniti ya T1, kundi la bei la watumiaji wa kawaida wa TANESCO, ni sh 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika kama sh 356. Chukua duka linalofunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku, siku 26 kwa mwezi: saa 260. Kiyoyozi cha kawaida cha wati 1,150 ambacho kompresa yake inafanya kazi robo tatu ya muda kitakula uniti 224, yaani sh 79,700 na ushee. Inverta kwenye fremu hiyohiyo, ikienda kwa wastani wa wati 600, itakula uniti 156, sh 55,500. Tofauti ni kama sh 24,000 kwa mwezi. Ikiwa umeongezea laki tatu kupata inverta, pesa yako inarudi baada ya mwaka mmoja na kidogo. Sasa rudia hesabu hiyo kwa fremu inayochemka, ambapo mashine zote mbili zinakimbia bila kupumzika: ya kawaida uniti 299, inverta nayo humohumo, pengine zaidi. Akiba ni sifuri.

Huhitaji kifaa cha gharama kujua uko upande gani. Mita ya umeme ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu isipokuwa kiyoyozi, kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Gawa 3,600 kwa sekunde hizo, upate wati. Sekunde tatu ni wati 1,200, sekunde sita ni 600, sekunde kumi na mbili ni 300. (Mita yenye 1,600 gawa 2,250 badala ya 3,600.) Pima saa nne asubuhi, halafu saa kumi alasiri. Kama alasiri bado ni sekunde tatu na mashine iliwashwa tangu asubuhi, ugonjwa uko kwenye jengo. Usimwite fundi wa gesi.

Kioo, bati na mlango

Fremu nyingi mpya, kuanzia Ngamiani hadi Kange, zinajengwa kwa mtindo mmoja: kioo kitupu cha mbele kutoka sakafuni hadi juu, bati la rangi ya kuiva, dari ya jipsamu, basi. Zinapendeza kwenye picha. Chukua kioo cha mita tatu kwa mbili na nusu kinachotazama magharibi. Ni mita za mraba 7.5. Jua la saa kumi likikipiga kwa wati 600 hivi kwa kila mita, na kioo cheupe cha milimita 6 kikipitisha asilimia 80, ndani yanaingia joto la wati 3,600. Uwezo wote wa kiyoyozi cha BTU 12,000 ni wati 3,500. Kioo peke yake kimeshaimaliza mashine, na hujamhesabu mteja hata mmoja, taa, wala bati. Ndiyo maana unakuta kijumba cha mita 24 kimefungiwa mashine ya BTU 24,000 na muuzaji bado ana feni ya mezani.

Pazia la ndani halisaidii sana, maana joto limeshaingia. Kinachosaidia ni kuzuia jua nje ya kioo: turubai la kushusha, chandarua cha kivuli kilichokazwa kwenye fremu ya chuma, au baraza iliyofunikwa kama ya maduka ya zamani ya katikati ya mji, ambayo waliojenga hawakuwa na kiyoyozi na kwa hiyo walilazimika kufikiri. Tanga iko kama nyuzi tano kusini ya Ikweta. Jua la adhuhuri liko karibu utosini, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinatosheka na kipenu cha mita moja. Mashariki na magharibi kipenu hakitoshi kwa kuwa jua linaingia limelala. Huko pazia la nje lazima lishuke wima. Tinti ni chaguo la pili, na iwe ya kurudisha jua, inayong'aa kama kioo cha kujitazama. Ile nyeusi humeza joto, kioo kikachemka, na sehemu ya joto hilo ikaingia ndani polepole.

Dari nayo ina mambo yake. Bati kwenye jua la kaskazi hupita nyuzi 60, na hewa iliyo kati ya bati na jipsamu hukaa kwenye 45 hadi 50. Jipsamu tupu juu ya mita 24 za mraba huachia kama wati 1,600 kushuka chumbani. Weka magodoro ya pamba ya kioo ya milimita 50 juu yake, bila kuacha mianya, na yatabaki chini ya wati 400. Foili chini ya bati nayo inafaa, lakini hapa ndipo makosa yanapofanyika. Foili hufanya kazi kwa kuwa na nafasi ya hewa, angalau milimita 25, kwenye upande wake unaong'aa. Ikibanwa kati ya bati na papi (mbao zinazoshika bati) bila nafasi ni karatasi tu. Ikilazwa juu ya jipsamu, uso ukitazama juu, mwaka mmoja wa vumbi unaimaliza.

Kosa jingine la dari ni la pwani hasa. Fundi mwenye nia njema huweka nailoni chini ya pamba, upande wa chumba, akidhani anazuia vumbi. Kwenye jengo linalopozwa mahali penye unyevu, mvuke hutoka nje ukiingia ndani, wala si kinyume chake. Unapenya pamba, unakutana na nailoni iliyopozwa kutoka chini, unageuka maji, na baada ya miezi michache jipsamu ina madoa ya kahawia kama ramani. Kizuizi cha mvuke kikae upande wa joto, yaani juu, na hapo foili iliyowekwa vizuri inafanya kazi mbili.

Kabla ya kuweka pamba panda kwenye ngazi, fungua kidirisha cha dari na umulike tochi. Mara nyingi ukuta unaokutenga na jirani unaishia kwenye usawa wa dari, haufiki kwenye bati. Juu huko fremu zote sita ni chumba kimoja, na hewa ya jikoni ya mama lishe wa pembeni inateremka kwako kupitia matundu ya taa za jipsamu. Kozi tatu au nne za tofali, au ubao uliozibwa pembeni, zinamaliza jambo hilo.

Mlango unajipima wenyewe kwa ndoo. Chukua bomba la maji ya kiyoyozi, lielekeze kwenye ndoo ya lita 10, na uangalie saa. Kila lita ya maji inayotoka imegharimu kama uniti 0.68 za ubaridi, ubaridi ambao haukupoza chumba bali umekamua hewa tu. Ndoo ikijaa kwa saa sita, karibu theluthi ya nguvu ya mashine inakwenda kwenye unyevu. Kiasi fulani hakiepukiki Tanga. Lakini ukifunga mlango kwa mkono wa hidroliki unaorudi wenyewe, ukaziba nafasi ya chini kwa mpira, kisha ndoo ikachukua saa tisa kujaa, utakuwa umepata akiba kwa bei ya mpira. Duka ambalo mlango wake lazima ukae wazi kutwa, kama la vyakula au la vifaa vya ujenzi, lisinunue kiyoyozi chochote. Feni za dari mbili zenye mota ya DC, wati 30 hivi kila moja, zinawatosha.

Na usikimbilie mashine kubwa. BTU 18,000 kwenye fremu iliyokwisha kuzibwa hupoza hewa haraka, hushuka mwendo mpaka koili ya ndani, ile inayopoza hewa, haiwi baridi ya kutosha kukamua unyevu, na unapata chumba cha baridi chenye majimaji. Mwenye duka la viatu vya ngozi atajua kwa ukungu. Weka 12,000, nyuzi 25 au 26, na feni ya dari mwendo wa chini.

Ufungaji ndipo inverta inapofia

Mashine nyingi za inverta zinazosemwa "mbovu" zimeuawa siku ya kwanza. Gesi ya R410A na R32 ina mgandamizo wa kama mara moja na nusu au zaidi ya R22, na mdomo wa bomba uliotanuliwa kwa kifaa cha zamani unavuja. Nati ya robo inchi inakazwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 15 hadi 18, ya inchi tatu kwa nane Nm 34 hadi 42, kwa spana ya kipimo. Anayekaza kwa kusikilizia mkono ama ataacha ivuje ama atapasua shaba.

Pampu ya vakyumu ni lazima. Wapo wanaofungua vali kidogo ili gesi iliyomo isukume hewa itoke, wanasema imetosha. Haijatosha, maana unyevu unabaki, unachanganyika na mafuta ya kompresa na kugeuka asidi. Hakikisha fundi amekuja na pampu, ameivuta hadi mikroni 500 (kipimo cha utupu ndani ya bomba), amefunga na kusubiri dakika kumi kuona kama sindano inarudi. Asipokuwa na pampu, mpe soda na nauli aende zake.

Halafu gesi yenyewe. Inverta haijazwi kwa kusoma geji ya upande wa gesi inayorudi kwenye kompresa, kwa sababu mgandamizo unabadilika kila kompresa inapobadili mwendo. Inajazwa kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, na nyongeza kama gramu 20 kwa kila mita ya bomba inayozidi urefu uliowekewa kiwandani, ambao huwa mita 5 au 7.5. Ukisikia "gesi imepungua kidogo, tunaongeza," uliza imepungulia wapi. Gesi haitumiki kama mafuta ya taa. Ikipungua kuna tundu.

Mashine ya nje iachiwe sentimita 10 hadi 30 nyuma na isizibiwe mbele kwa angalau mita moja. Kwenye uchochoro mwembamba nyuma ya safu ya fremu, mashine sita zinazotazamana hupuliziana joto, na ya mwisho inavuta hewa ya nyuzi 45 badala ya 32. Hiyo haitapunguza mwendo hata uiombe. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 wenye breka yake ya ampea 16 au 20, usichomekwe kwenye soketi moja na jokofu. Mabomba yote mawili yavalishwe sponji, si moja. Bomba la maji literemke sentimita moja kwa kila mita.

Chumvi ya bahari inamaliza mapezi ya alumini, na ukiwa upande wa Raskazone inamaliza haraka. Chukua yenye mapezi yaliyopakwa, ya bluu au dhahabu, usiyatazamishe baharini, na kila mwezi uyamwagie maji baridi ya bomba bila presha. Bodi ya nje ina maadui wawili, umeme unaopanda na kushuka, na mijusi. Kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano kinamzuia wa kwanza. Mjusi zuia kwa wavu mdogo kwenye matundu ya waya. Akipita juu ya njia mbili za bodi, anakufa yeye na bodi.

Nani alipe?

Hapa ndipo tathmini ya mashine inapogeuka tathmini ya mkataba. Turubai, pamba ya dari na tofali za juu ni mali ya jengo, zitabaki hapo mpangaji akiondoka. Bili ni ya mpangaji. Mwenye jengo hana sababu ya kutumia shilingi yake kupunguza bili ya mtu mwingine, na mpangaji wa kodi ya miezi sita hana sababu ya kuezeka dari ya mtu. Matokeo yake kila mtu ananunua mashine kubwa zaidi.

England na Wales walilifungua fundo hili kwa sheria. Jengo la biashara linalopangishwa hupewa cheti cha matumizi ya nishati cha herufi A hadi G, kinachodumu miaka 10. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 mwenye jengo haruhusiwi kutoa mkataba mpya kama jengo liko chini ya E, na tangu 1 Aprili 2023 hata kuendeleza mkataba uliopo haruhusiwi. Faini inaweza kufika pauni 150,000. Lakini hawakumlazimisha kufanya kila kitu: kwa kazi ambayo haiwezi kurudisha gharama yake ndani ya miaka 7, mwenye jengo anaweza kusajili msamaha unaodumu miaka 5. Kenya nao, kanuni zao za 2012 ziliagiza jengo linalotumia uniti 180,000 na zaidi kwa mwaka likaguliwe nishati kila miaka mitatu. Fremu yetu ya uniti 156 kwa mwezi haiko hata karibu na hapo, lakini wazo la miaka ya kurudisha gharama linaazimika bila sheria yoyote.

Liazime hivi. Kabla ya kusaini, pima kioo kwa tepu, jua kinatazama wapi, na umulike dari. Mwandikie mwenye jengo gharama ya turubai na pamba, na akiba ya uniti kwa mwezi. Kazi inayojirudisha ndani ya mwaka, fanya wewe na ikatwe kwenye kodi ya pango kwa vipande. Kazi ya miaka mitatu minne, aifanye yeye na uongeze kidogo kodi. Yote yaandikwe. Mkataba wa kurasa mbili wa kawaida hautaji dari kabisa.

LUKU ya pamoja ni tatizo jingine. Kama fremu nne zinachangia mita moja na kugawana sawa, aliyeziba dari anamlipia ambaye hakuziba, na hakuna atakayeziba. Mita ndogo ya reli, ile inayobanwa kwenye reli ya boksi la breka, kwa kila fremu inaondoa hilo. Ijaribiwe kwa birika la wati 1,000 kwa dakika sita. Kwa mita ya mipepeso 1,000 kwa uniti, kitaa kipepese mara 100, pungufu au zidio dogo. Na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, isemwe mapema nani anairudisha kwa nani.

Mwisho, umiliki wa mashine. Tanga ni waja leo waondoka leo, na kiyoyozi chako kiandikwe kwenye mkataba kuwa ni mali ya mpangaji, pamoja na wajibu wako wa kuziba tundu la ukuta. Siku ya kuhama, fundi asifyatue mabomba ikapuliza gesi hewani. Awashe mashine kwenye hali ya majaribio ili kompresa isipunguze mwendo, afunge vali ya bomba jembamba, asubiri sindano ya geji ishuke karibu na sifuri, afunge vali ya bomba nene, kisha azime mara moja. Gesi yote itakuwa imerudi kwenye mashine ya nje. Midomo ya bomba izibwe kwa vifuniko vyake siku hiyohiyo, na ukifika fremu mpya midomo ikatwe na itanuliwe upya. Ile ya zamani haikazwi mara ya pili.